Kopo la Tatu

Lusajo aliwasha taa katikati ya farasi.
Mpanda farasi hajafika kisimani,
mwanamke wa kisimani hajainua ndoo,
na sisi, watu thelathini na mmoja na mbwa wa mlinzi,
tukabaki tunatazama shuka jeupe
lenye kiraka kona ya kushoto.

"Samahanini," akasema kutoka kidirisha chake cha juu,
"makopo yalipaswa kuwa matano.
La tatu limeshukia Makambako.
Kondakta anasema halijapotea,
liko chini ya magunia ya viazi,
litakuja kesho na basi la saa nne."

Mvua ilikuwa juu ya bati,
mvua ya Machi, mvua ya Mbeya,
inateremka Loleza kama mtu anayedai deni.
Hakuna aliyeondoka. Ungeenda wapi?
Mtu akafungua chupa ya chai
na tangawizi ikapita safu kwa safu
kama mkagua tiketi.

Mzee Mwaisumo, aliyeiona mwaka wa sabini na tano
akiwa karani wa posta, akasimama, akavua kofia:
"Sehemu hiyo naijua. Farasi anateleza,
yule bwana anakufa. Ndiyo maana mwishoni
mama yake kavaa nyeupe."
"Kafa nani?" Bi Atupakisye hakusimama,
ana blanketi magotini.
"Wewe ulilala. Nilikuwa nyuma yako,
nikahesabu mikoromo. Anafungwa jela
kwa kosa la kaka yake, na kisima kinakauka."
Fundi baiskeli akaapa kulikuwa na treni.
Treni, na nyoka.
Kihindi hakuna aliyekijua, si leo, si siku ile;
walijua kulia tu, na mahali pa kulia.

Mama yangu kimya.
Kopo hilo amelisubiri miaka arobaini na nane.

Siku ile alilipa shilingi mbili.
(Leo elfu mbili. Anasema ni ileile, imevimba tu.)
Alikuwa amenibeba mgongoni, nina miezi mitano duniani,
na kopo la tatu lilipoanza, na mimi nikaanza.
Watu wakasonya. Sauti gizani: "Mtoe huyo mbuzi!"
Akatoka. Akasimama barazani, akanipa ziwa,
mgongo wake ukutani,
na ukuta ukamsimulia.
Aliporudi, ukumbi mzima unapenga kamasi
na hakuna aliyemwambia kwa nini.
Baba? Baba alisema, "Si ungekuwepo."

Sasa akakohoa. Vichwa vikageuka.
"Mimi sikuona kitu. Nilisikia.
Farasi alikuja mbio, kisha akatembea.
Farasi aliyevunjika mguu hatembei hivyo.
Mlango ukafunguliwa, wa mbao, ule unaolalamika.
Ndoo ikatuliwa chini, nzito.
Ndoo tupu ina kelele, ninyi mnajua,
basi kisima kilikuwa na maji.
Halafu kimya. Kimya kirefu,
hadi nikamsikia huyu anavyomeza"
— akaninyooshea kidevu, mimi mwenye mvi —
"na treni haikuwepo."

Mzee Mwaisumo akavaa kofia yake polepole.
"Na nyoka?" akauliza fundi baiskeli.
Mama akafikiri.
"Nyoka hana sauti," akakiri.

Lusajo akazima taa, akaweka kopo la nne.
Mpanda farasi alikuwa na koti jingine,
mwanamke anachechemea,
na hatukuulizana.

Tulirudi kwa miguu, tochi moja, matope yakinyonya viatu.
Nikamwambia: kesho litafika, saa nne.
Akaruka dimbwi kama msichana.
"Kesho nina maharage ya kupalilia," akasema.
Ila kipande cha tiketi hakukitupa.
Nilimwona, chini ya taa ya duka la dawa,
anakifunga kwenye pindo la kanga,
fundo la kwanza,
halafu la pili.